Mkono wa Kushoto wa Rubani: Kuzielewa Throto za Ndege za Kivita za Zamani Kwenye Simuleta

Mpwa wangu ana miaka 14 na amekulia kwenye magemu ya magari. Jumamosi moja alikaa kwa mara ya kwanza kwenye meza yangu ya simuleta, ndani ya P-51D Mustang, akatazama ukuta wa kushoto wa chumba cha rubani akaniuliza: "Mjomba, mbona hii ina mafuta matatu?" Alimaanisha zile nyenzo tatu zilizopangwa pamoja, moja kubwa na mbili ndogo. Nikamwambia ni moja tu kati yake inayogusa mafuta moja kwa moja, na ndiyo atakayoishika mara chache kuliko zote. Hakunielewa, na sikumlaumu. Aliruka, akapanda vizuri tu, kisha akasikia injini inalia sana, akaionea huruma. Akaurudisha nyuma wenzo wa mizunguko ya injini ili injini ipumue, huku throto, ule wenzo mkubwa, ameiacha mbele kabisa. Haikupita muda injini ikaanza kutetemeka, moshi ukatoka ubavuni, ikanoki.

"Lakini mjomba, nilipunguza!"

Alipunguza kweli. Swali ni alipunguza nini, na swali hilo limewaulia injini watu wengi wanaorusha Spitfire, Messerschmitt na Mustang kwenye kompyuta, wakiwemo wenye saa nyingi kuliko mpwa wangu. Wanadhani throto ni kanyagio la mafuta la ndege. Ukishaachana na dhana hiyo, nyenzo zote za mkono wa kushoto zinaanza kusomeka.

Hata kwenye gari kanyagio halimwagi mafuta, ingawa sote tunasema "kanyaga mafuta". Aliyewahi kufungua kabureta anajua: kanyagio linazungusha kibati cha duara kilichokaa kwenye koo la kabureta. Kibati kikilala, hewa inapita. Hewa inapopita kwa kasi inayanyonya mafuta na kwenda nayo. Mguu unaomba hewa, mafuta yanafuata. Throto ya ndege ya kivita ya miaka ya 1940 ni kibati kama hicho, kikubwa zaidi, na wenzo ulio chini ya mkono wa rubani unakizungusha.

Nguvu ya injini ya pistoni inatokana na uzito wa hewa inayoipitia kila dakika. Uzito huo unategemea mambo mawili: kila silinda inapovuta pumzi inameza hewa iliyoshindiliwa kiasi gani, na inavuta pumzi mara ngapi kwa dakika. La kwanza ni presha, la pili ni mizunguko. Throto inaamua presha. Wenzo wa rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka puani mwa ndege, unaamua mizunguko. Nguvu ni zao la hivyo viwili kwa pamoja, ndiyo maana huwezi kuisoma kwa kuangalia wenzo mmoja, wala kwa kusikiliza mlio. Unaisoma kwenye geji mbili: ya presha ya hewa inayoingia kwenye silinda, na ya mizunguko.

Geji ya presha ndiyo inayowavuruga watu, kwa sababu kila taifa lilikuwa na lugha yake. Waingereza walihesabu pauni kwa inchi ya mraba kuanzia hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Kwenye Spitfire sifuri maana yake ni hewa kama unayoivuta ukiwa ufukweni, na +18 ni hewa hiyo ikiwa imeongezewa pauni 18. Wamarekani walihesabu inchi za zebaki kuanzia utupu kabisa, hivyo Mustang iliyozimwa karibu na bahari inaonyesha kama 30, si sifuri, na mgeni anadhani geji ni mbovu. Wajerumani walitumia kipimo cha ata, ambacho 1 ni karibu sawa na hewa ya kawaida. Warusi walisoma milimita za zebaki.

Ukizitafsiri unaona jambo zuri. Zile +18 za Spitfire Mk IX ni karibu inchi 67 za zebaki, na inchi 67 ndiyo presha ya dharura ya P-51D. Haikutokea kwa bahati. Injini ya Mustang ile ni Merlin ya Rolls-Royce, lita 27, silinda 12, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Packard kwa leseni. Ni injini za tumbo moja zinazosema lugha mbili. Kwa ata, presha hiyo ni kama 2.3. Sasa panda Bf 109 G, ile Messerschmitt, yenye injini ya Daimler-Benz DB 605 uone mwisho wake ni 1.42, karibu inchi 41 tu. Usiidharau. Ina lita 35.7, inabana mchanganyiko ndani ya silinda zaidi ya mara 7 wakati Merlin inabana mara 6, na ilijengwa kutumia petroli ya oktani 87 (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kushindiliwa bila kulipuka ovyo). Mjerumani alipata nguvu zake kwa tumbo kubwa, Mwingereza kwa kushindilia. Kulinganisha namba za geji zao ni kama kulinganisha kilo na pishi.

Hapo inabidi niingize supachaja, maana bila hiyo tabia ya throto haieleweki. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, presha ya hewa ni kama nusu ya ile ya Dar es Salaam, na ndege hizi zilipigana juu ya hapo. Injini isiyosaidiwa ingekuwa imepoteza nusu ya pumzi yake. Supachaja ni feni la kasi kubwa linalozungushwa na injini yenyewe ili kuisukumia hewa. Tatizo ni kwamba feni lenye uwezo wa kukidhi haja ya mita 5,000 lina uwezo wa kupasua injini likiwa chini. Kwa hiyo chini, hata rubani akisukuma wenzo, kibati kinatakiwa kibaki kimefungwa kiasi.

Waingereza waliliweka jukumu hilo kwenye kidhibiti chenye kifuko cha chuma kinachotanuka na kusinyaa kwa kufuata presha. Rubani wa Spitfire akiweka wenzo mahali pa +6, kidhibiti kinafungua kibati chenyewe kidogo kidogo kadiri ndege inavyopanda, ili sindano isitoke pale. Kinafika kimo ambacho kibati kimefunguka chote na hakuna kilichobaki cha kufungua. Kuanzia hapo sindano inaanza kushuka, hata usiposhika kitu. Nimeulizwa mara nyingi kama hiyo ni hitilafu ya simuleta. Hapana, umefika mwisho wa pumzi ya feni.

Ndege nyingine hazikuwa na msaada huo. P-40E ya Marekani haikuwa na kidhibiti cha namna hiyo, na kuirusha kwenye simuleta ni shule. Unapanda, sindano inashuka, unasukuma wenzo. Unashuka kumfukuza adui, hewa inakuwa nzito, na sindano inapanda yenyewe hadi kupita mstari mwekundu wakati macho yako yako kwenye mkia wa mwenzako. Wenzo haujasogea hata ukucha, na injini inakufa. Ninayemfundisha P-40 ninamwambia kabla ya kuinamisha pua arudishe throto kwanza, na nasema hivyo hivyo mara kumi kwa sababu mkono hausikii mara moja.

Merlin za baadaye zilikuwa na supachaja ya hatua mbili na gia mbili, na gia ya juu inaingia yenyewe. Kwenye Mustang unaisikia mahali fulani kati ya futi 15,000 na 20,000: mtikisiko, sindano inaruka, ndege inapata mgongo mpya. DB 605 haina ruko hilo, kwani feni lake linaendeshwa kupitia oili ya injini badala ya meno ya gia, na kasi yake inabadilika polepole kwa kufuata kimo. Simuleta nzuri inakuonyesha tofauti hiyo bila kukuandikia neno.

Turudi kwa ule wenzo alioushika mpwa wangu. Dereva wa lori anayepanda Kitonga anajua kwamba kukanyaga peke yake hakupandishi mzigo. Lazima achague gia. Mapanga ya rafadha ndiyo gia za ndege. Yakilala bapa yanakata hewa kidogo na injini inazunguka kwa wepesi, kama gia namba moja. Yakigeuzwa yakauma hewa nyingi, injini inalemewa na mizunguko inashuka, kama gia ya juu. Rafadha ya zamani ya mbao, yenye pembe moja isiyobadilika, ilikuwa lori lenye gia moja ya kuanzia gereji hadi mwisho wa safari.

Zikaja rafadha zinazogeuza mapanga, na baadaye zikapewa gavana. Kwa gavana, wenzo wa pili ni wa kuchagua idadi ya mizunguko: unaweka 2,700, na kifaa kinageuza mapanga muda wote ili iwe 2,700. Ukiongeza throto, mapanga yanauma zaidi na mizunguko inabaki pale pale. Hilo linapingana na kila kitu sikio la dereva linachojua. Kwenye gari ukiongeza mafuta mlio unapanda. Kwenye Mustang unaweza kutoka inchi 30 hadi 46 na mlio ukabadilika kidogo tu, wakati nguvu imeongezeka sana. Mpwa wangu alisikia mizunguko 3,000 akadhani anasikia nguvu.

Vifaa hivi havikuja vyote siku moja. Spitfire nyingi zilianza mwaka 1940 zikiwa na rafadha ya pembe mbili tu, ya kurukia na ya kusafiria. Kati ya Juni na Agosti mwaka huo mafundi wa kampuni ya de Havilland walizunguka kwenye viwanja vya Uingereza wakizigeuza Spitfire na Hurricane zaidi ya 1,000 ziwe na gavana, katikati ya vita. Ukitaka kujua walichookoa, chagua kwenye simuleta Spitfire ya pembe mbili kisha ile yenye gavana, panda nazo hadi futi 20,000. Hutahitaji mtu wa kukueleza.

Sasa sheria iliyovunjwa pale mezani. Ukiongeza nguvu, tanguliza mizunguko, throto ifuate. Ukipunguza, tanguliza throto, mizunguko ifuate. Sababu ni ile ile inayomfanya dereva ashuke gia kabla ya mlima. Panda mlima kwa gia ya juu huku umekanyaga mpaka chini, utasikia injini inagonga kama kokoto kwenye bati. Mchanganyiko ulioshindiliwa sana, ndani ya silinda inayokwenda polepole, unapata muda wa kuchemka na kulipuka wote kwa mkupuo badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Kila mlipuko ni nyundo kwenye kichwa cha pistoni. Presha ya juu ni halali pale tu ambapo mizunguko ni ya juu: kwenye Mustang inchi 61 huenda na 3,000, na inchi 46 za kusafiri muda mrefu huenda na 2,700. Mpwa wangu alibaki na presha ya 3,000 akaipa injini mizunguko ya matembezi. Kilichopungua ni nafasi ya injini kujitetea.

Wenzo wa tatu, wa mchanganyiko, ndio unaogusa mafuta. Unaamua uwiano wa petroli na hewa. Kwenye ndege za mwanzo ulihitaji kuuchezea kila unapopanda, kwani hewa ikipungua mafuta yanazidi na injini inaanza kukohoa moshi mweusi. Kwenye P-51D kabureta inajirekebisha yenyewe, na wenzo unauweka kwenye nafasi ya kazi baada ya kuwasha ukausahau. Jambo moja tu wageni hawalijui: injini hizi huzimwa kwa wenzo huo, kwa kukata mafuta. Wengi hurudisha throto hadi mwisho na kushangaa kwa nini injini inaendelea kunguruma kwenye sailensa.

Kabureta hiyo hiyo inanikumbusha kisa ambacho kila mwenye Spitfire ya mwanzo hukutana nacho. Sukuma fimbo mbele kwa ghafla, kila kitu kinaelea, mafuta ndani ya kabureta yanaelea pia, injini inakata. Bf 109 ilikuwa inapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, hivyo rubani wake aliinamisha pua na kutoroka. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti cha Farnborough alitoa kidubwasha cha chuma chenye tundu lililopimwa, kinachobana mafuta yasizidi, na tatizo likapungua sana. Kipande kidogo kuliko kifuniko cha soda, mwanamke mmoja mwenye akili ya fundi, na marubani wakapata kurudi nyumbani.

Kuhusu wingi wa nyenzo, mataifa yalikuwa na imani tofauti, na hapa ndipo simuleta inakuwa darasa la historia kuliko makumbusho yoyote niliyopitia. P-47 ya Marekani ina throto, mizunguko, mchanganyiko, na wenzo wa nne wa turbo. Turbo yenyewe imekaa nyuma kwenye mkia. Moshi wa injini unasafiri kwa mabomba hadi huko kuizungusha, na hewa iliyoshindiliwa inarudi mbele kwa mabomba mengine. Hewa ikisafiri umbali huo haiitiki papo hapo. Ukiisukuma P-47 kwa pupa inakujibu kwa kuchelewa, kisha inakujibu kwa wingi. Juu ya hayo kuna milango ya kupoza injini, ya kupoza oili, ya kupoza hewa ya turbo. Rubani ndiye fundi wa zamu.

Fw 190 ilikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Injini yake, BMW 801 ya silinda 14, ilifungwa kifaa kilichoitwa Kommandogerät, ubongo wa kimakanika uliofanya kazi kwa oili ya presha, mabapa na springi. Rubani anasogeza wenzo mmoja. Kifaa kinapanga presha, mizunguko, pembe ya mapanga, mchanganyiko, muda wa cheche na gia ya supachaja. Hakuna umeme wa kompyuta humo, ni chuma kinachokokotoa. Kwenye simuleta unaunganisha mhimili mmoja na kazi imekwisha. Bf 109 za baadaye ziko karibu na hapo, ingawa zimebakiza swichi ya dole gumba kwenye throto ya kugeuza mapanga kwa mkono, na geji ya pembe inayofanana na uso wa saa, kiasi kwamba pembe husomwa kwa saa na dakika.

Wapo wanaosema ndege za Kijerumani ni za wavivu. Sikubaliani nao. Vita vya angani humwendea aliyeona kwanza, na rubani ambaye macho yake hayarudi kwenye geji kila sekunde tano ana nafasi kubwa ya kuona. Gharama ya kifaa hicho ililipwa na mafundi wa chini waliopaswa kukitunza.

Kuna kitu kingine kwenye njia ya throto: geti, kizuizi kinachotenganisha nguvu ya kawaida na ya dharura. Petroli ya oktani 100 ilipofika kwenye vikosi vya Uingereza mwaka 1940, Merlin III iliruhusiwa kutoka +6¼ hadi +12 kwa dakika 5 za dharura, na nguvu ikafika farasi 1,310 kwenye futi 9,000. Matumizi hayo yaliandikwa kwenye kitabu cha injini. Mustang ilikuwa na waya mwembamba mwishoni mwa njia ya wenzo. Presha ya inchi 67 ilipatikana kwa kuukata waya kwa nguvu ya mkono, na fundi akiukuta umekatika alijua injini hiyo imeteswa na inahitaji kukaguliwa.

Zile dakika 5 ndizo zinazogombanisha watu wa simuleta. Baadhi ya programu, kama mfululizo wa IL-2 Great Battles, kwa muda mrefu zilizihesabu kama saa ya bomu: ukizipita, injini inaharibika. Nyingine, kama DCS World, zinatazama zaidi joto na mzigo. Mimi nipo upande wa joto. Dakika 5 za kitabu zilikuwa mkataba kati ya rubani na fundi kuhusu maisha ya injini. Chuma hakina saa ya mkononi. Mustang inayopanda polepole kwa nguvu zote huku upepo wa radieta ni mdogo inachemsha kabla ya dakika 5, na ile inayokimbia kasi kubwa kwenye hewa baridi inaweza kuvumilia zaidi.

Sasa meza yenyewe. Simuleta haijui wenzo wako, inapokea namba. Kifaa cha biti 10 kinaigawa njia yote ya mkono katika hatua 1,024. Cha biti 16 katika hatua 65,536. Hatua 1,024 zinatosha kabisa kwa throto, kwa hiyo usilipie tarakimu. Lipia kinachosoma mwendo. Throto yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, na baada ya miezi kadhaa sindano ya presha ikaanza kuchezacheza nikiwa safarini, inchi 38, 44, 40, mkono umetulia. Nikafungua skrubu nne za chini. Ndani kulikuwa na kijinjia cheusi cha kaboni na kijiti cha shaba kinachotambaa juu yake. Njia nzima ilikuwa nyeusi ya kufifia, isipokuwa sehemu moja ya upana wa kidole iliyosuguliwa hadi kung'aa, mahali pale pale ninapoegesha mkono kwa safari. Nilipuliza vumbi na kuifuta kwa spiriti, ikatulia kwa muda. Throto ninayotumia sasa inasoma kwa sumaku isiyogusa kitu, na tangu hapo sijafungua skrubu.

Kwenye mipangilio, iache throto iwe mstari ulionyooka. Mkunjo unafaa kwa fimbo, ambako unataka upole katikati. Kwenye throto unakupotezea tu uhusiano kati ya mkono na geji. Weka nafasi mfu ndogo, sehemu ambayo mwendo wa wenzo hauhesabiwi, kwenye ncha mbili, asilimia 2 au 3, kwa sababu vifaa vingi havifiki sifuri kamili wala mwisho kamili. Bila nafasi hiyo unaweza kutua ukiwa na nguvu kidogo iliyobaki bila kujua, ndege inaelea juu ya uwanja haitaki kukaa, na unailaumu mbawa. Kama throto yako imetengenezwa kwa kuiga jeti na ina kizuizi cha njiani, panga namba ili kizuizi hicho kiangukie inchi 61. Hapo umepata geti lako, na mkono utajua bila jicho.

Usiamini asilimia zinazoandikwa kwenye kioo. "100%" kwenye programu moja ni mwisho wa wenzo, kwenye nyingine ni nguvu ya kawaida na dharura inaandikwa 110%. Soma presha na mizunguko.

Na kabla hujaruka na ndege ya Kifaransa ya enzi hizo, jua kwamba throto zake zilifanya kazi kinyume: kuvuta nyuma ndiyo kuongeza. Uingereza ilipochukua ndege za Curtiss zilizoagizwa na Ufaransa, baada ya Ufaransa kuanguka mwaka 1940, ilizipa jina la Mohawk na ikabidi throto zigeuzwe zielekee mbele. Mohawk za kikosi cha Afrika Kusini ziliruka hapa Afrika Mashariki mwaka 1941 dhidi ya Waitalia. Kwenye simuleta ni alama moja ya tiki kwenye mipangilio. Kwa rubani aliyezoea upande mmoja, kosa hilo lilikuja wakati wa kutua, urefu wa mnazi kutoka ardhini.

Mpwa wangu alirudi wiki iliyofuata. Safari hii nilimwambia aruke polepole: asogeze throto kwa hesabu ya kumi, kwa sababu rafadha ya Mustang ikipewa nguvu kwa ghafla inaizungusha ndege kushoto kabla usukani wa mkia haujapata upepo wa kuizuia. Spitfire za injini ya Griffon huvuta kulia, rafadha yake huzunguka upande wa pili, lakini hilo tuliliacha kwa siku nyingine. Alipanda kwa 61 na 3,000. Kwenye futi 10,000 nikamwona anashusha throto kwanza hadi 46, anasubiri sindano itulie, kisha anarudisha mizunguko hadi 2,700. Sikusema neno.

Wakati wa kurudi alikata throto mbali kidogo na uwanja, na honi ikapiga kelele chumba kizima. Akashtuka, akatazama geji zote, hakuna iliyokuwa nyekundu.

"Mjomba, hii nayo ni nini?"

"Umefunga throto na magurudumu bado yako ndani," nikamwambia. "Imedhani unatua."

Akashusha magurudumu, honi ikanyamaza.